Bili ya meza ya watu wengi: namna ya kulipa na kuacha hela ya mhudumu bila kugombana

Kwenye meza ya watu kumi na zaidi ugomvi wa bili mara nyingi unakuwa umeshaanza siku tatu kabla, pale kwenye grupu la WhatsApp mtu alipoandika "karibuni bethidei yangu Jumamosi", akaweka na emoji za keki, na hakusema nani analipa. Watu kumi na wawili wamesoma ujumbe mmoja, nusu wameelewa wanaenda kulishwa, nusu wameelewa wanaenda kujilipia, na mmoja hajasoma kabisa ila atakuja na rafiki yake. Mengine yote yanayotokea saa tano usiku, mtu kaenda chooni harudi, mwingine anasema mi nilikula chipsi tu, mhudumu kasimama pembeni hajui aangalie wapi, yanatokana na ule ujumbe.

Kwa hiyo huu mwongozo ni wa yule anayepanga zaidi kuliko yule anayekuja kula. Naandikia mazingira ya Dar maana ndo nayajua, baa na migahawa ya Sinza, Mikocheni, Tabata huko, ila mlioko Arusha na Mwanza mtajikuta humo humo, na mbele nimeweka kidogo ya Nairobi na ya ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya, kwa sababu habari za tip, yaani hiyo hela ya mhudumu, huko ni nyingine kabisa na watu wanaumia.

Hatua ya 1: Sema nani analipa kwenye ujumbe wa kwanza kabisa

Kwetu anayealika ndo anayelipa. Iko hivyo toka enzi za bibi zetu na haitabadilika kwa sababu tu we umeona TikTok watu wanagawana bili kwa kalkuleta. Ukiandika "karibuni", "nawaalika", "njooni tusherehekee", basi kwa mtu wa kawaida umeshasema utalipa, na ukija kugeuka mezani atakuona tapeli na atakuwa na haki yake. Kama hulipi usialike, panga tu mkutane, na useme wazi we unatoa nini na wao wanatoa nini.

Unaweza kuandika hivi na haijawahi kuua mtu:

"Habari zenu wapendwa. Jumamosi saa moja jioni tukutane Mikocheni tukate keki. Keki na maji juu yangu, chakula na vinywaji tunachangia. Kwa anayekula na kunywa soda andaa kama 25,000, anayekunywa bia ajipange mpaka 50,000. Ukija na mtu niambie kabla ya Alhamisi ili nijue idadi."

Hapo kwenye ile namba ndo penye kazi. Watu wengi wanaona aibu kuandika kiasi, wanaandika "njoo na chochote", halafu mtu anakuja na elfu kumi yake ya kweli kabisa anakuta meza imejaa kuku wazima na mzinga wa konyagi. Ukiandika kiasi unampa mtu nafasi ya kusema "jamani Jumamosi nina safari ya Moro" na heshima yake ikabaki, na wewe usimuulize Moro kwa nani.

Kuna hili la wakubwa pia. Kwenye kila kundi kuna shemeji mwenye uwezo, au bosi, au mjomba aliyetoka nje, na wote mnakaa mkijua moyoni kwamba atalipa yeye, ila hakuna aliyemwambia. Acheni hiyo. Kama mnamtegemea mpigieni pembeni, "shemeji shikamoo, Jumamosi tuna kashughuli kadogo, utatushika mkono kidogo?", akisema atatoa laki mshajua ni laki, na siyo bili nzima. Na mezani akisimama mtu akasema "hii juu yangu" muulizeni hapo hapo, kwa upole, juu yako ipi, raundi hii, chakula, au yote? Maana nimeona meza imeagiza vinywaji vya bei masaa mawili kwa imani ya mtu ambaye alikuwa anamaanisha raundi moja ya soda.

Hatua ya 2: Chagueni namna ya kugawana kabla hamjaona menyu

Kugawana sawa kwa sawa kunaonekana rahisi na kwa meza ya watu wanne waliokula kitu kimoja ni sawa tu, gawa kwa nne mkalale. Tatizo ni meza kubwa. Kuna wachumi watatu, Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe, walitoa utafiti mwaka 2004, waliwapeleka wanafunzi mgahawani Israel kwa makundi ya watu sita sita, wengine wakaambiwa kila mtu ajilipie, wengine wagawane sawa, wengine walikula bure. Waliogawana sawa waliagiza vya bei zaidi kuliko waliojilipia, na wa bure ndo usiseme. Hilo hata bila utafiti mama yako angekwambia, ila inasaidia kujua kwamba siyo kwamba rafiki yako ana roho mbaya, ni kwamba ukijua kuku wako analipiwa na watu kumi na moja mkono unakuwa mwepesi kwenye menyu.

Kila mtu na chake nako kuna shida yake, kwa sababu sisi hatuli hivyo. Mbuzi inakuja kwenye sinia moja, ndizi zinakuja sahani ya katikati, kachumbari ya wote, nani atahesabu vipande? Mtu anayesema "mi nilikula vipande viwili tu" kwenye sinia la watu nane anastahili kuangaliwa tu.

Kinachofanya kazi, na ndo nakushauri, ni mchanganyiko. Chakula cha katikati pamoja na soda na maji wote mnagawana sawa. Pombe wanalipa wanaokunywa, peke yao. Kitimoto wanalipa wanaokula kitimoto. Kwenye hili msifanye utani, kuna watu kwenye meza ambao shida yao haiko kwenye elfu sita ya ziada, ni dini, hawataki hela yao ilipie bia au nguruwe hata senti moja, na mtu wa hivyo mara nyingi hatasema, atalipa kimya kimya halafu hatakuja tena na nyie mtabaki mnajiuliza kwa nini Amina siku hizi hatokei. Kama mnakula kitimoto iwe sahani yake, uma wake, na bili yake. Na afadhali siku hiyo mkae sehemu ambayo kila mtu anakula kwa amani.

Hatua ya 3: Teua mweka hazina, kusanya kabla

Sisi ni mabingwa wa dunia wa michango ya harusi, tuna kamati, tuna mwenyekiti, tuna mtu wa kupiga simu usiku kukumbusha ahadi, sasa kwa nini kwenye chakula cha jioni tunajifanya hatujui? Mweka hazina mmoja, asiyekunywa kama inawezekana, na hela zitumwe kwake kabla ya siku.

Mambo madogo ya kuzingatia hapa:

- Namba iwe moja tu na jina litakalotokea liandikwe kwenye grupu, watu wasitume kwa mtu mwingine.
- Anayetuma atume na ya kutolea. Ukikusanya 23,000 kwa watu kumi bila ya kutolea na bili ikalipwa kwa keshi, makato ya kutoa anabeba mweka hazina peke yake, na mtu hawezi kuwa amejitolea kusimamia halafu akatwe. Kama mtalipa kwa lipa namba basi afadhali kidogo, hela haitolewi, inatoka kwenye simu kwenda kwa mgahawa moja kwa moja.
- Orodha iwekwe kwenye grupu kila jioni, nani katuma, nani bado. Hii haipendezi ila inafanya kazi kuliko maombi.
- Asiyetuma kabla alipe akifika, kabla hajakaa. Siyo akimaliza.

Jihadharini pia na yule ndugu wa "nipeni keshi zenu mi nitalipa kwa kadi". Anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Ila kama anakusanya keshi zilizozidi bili na kinachobaki hakijulikani kimeenda wapi, hiyo iliyobaki ilikuwa hela ya mhudumu. Risiti ionekane, hesabu isomwe mezani, basi.

Hatua ya 4: Ukifika ongea na mhudumu kabla mtu yeyote hajaagiza

Fika mapema kuliko wenzio. Mwite mhudumu mmoja, "dada habari za kazi, leo tutakuwa watu kumi na wawili hapa, wewe ndo utatuhudumia?", muulize jina, na umwambie mapema mambo haya.

Kwanza, bili ziko ngapi. Baa nyingi za Dar jiko na kaunta ni biashara mbili tofauti, jiko limekodishwa kwa mtu mwingine, mchoma nyama ana hesabu yake na kaunta ina hesabu yake, kwa hiyo mwisho wa usiku zinakuja karatasi mbili, na mtu aliyelipa ya kwanza anaamka kuondoka akidhani kamaliza. Uliza mwanzoni. Na kusema kweli kwa ule mpango wa kutenganisha pombe hii inakusaidia sana, ya jikoni ni ya wote, ya kaunta mnatoa soda na maji, iliyobaki ni ya wanywaji.

Pili, mwambie oda ya chakula ataichukua kwa mtu mmoja tu. Hapa ndo bili zinapovimba bila mwizi yeyote. Watu watatu kila mmoja kwa nia njema anamwambia mhudumu "tuongezee mbuzi kilo moja", zinakuja kilo tatu, na mhudumu hana kosa kwa sababu kweli aliambiwa mara tatu.

Tatu, vinywaji viandikwe kwa makundi mawili toka mwanzo. Ukimwambia saa moja jioni ataandika vizuri, ukimwambia saa tano usiku atakuangalia tu.

Nne, uliza bei ya kitu ambacho hakina bei kwenye menyu. Samaki hasa. "Samaki kulingana na saizi" ni sentensi iliyovunja urafiki mwingi, mwambie akuletee samaki umuone na akutajie bei yake akiwa bado mbichi.

Na tano, kama ni hotelini au mgahawa wa kishua, uliza kama bei za kwenye menyu zina VAT ndani na kama wanaongeza service charge, yaani ada ya huduma. Migahawa mingi ya kawaida bei unayoiona ndo unayolipa, ile VAT ya asilimia 18 iko ndani tayari, ila kuna sehemu menyu ina maandishi madogo chini kabisa yanasema bei hazina kodi, na kwenye bili ya laki nne hiyo ni elfu sabini na mbili imekuja ghafla.

Hatua ya 5: Wakati mnakula

Hapa sina mengi. Vizibo vya bia visitupwe. Weka kisahani katikati ya wanywaji na kila chupa ikifunguliwa kizibo kinaingia pale, mwisho mnahesabu vizibo na mhudumu anahesabu karatasi yake na mnakutana. Wengine wanaacha chupa tupu chini ya meza kwa sababu hiyo hiyo, ila mhudumu mwingine atazikusanya akidhani anawasafishia, kwa hiyo vizibo ni salama zaidi.

Anayeondoka mapema analipa kabla ya kuinuka, na anamlipa mweka hazina, siyo kumwachia jirani yake ambaye na yeye ataondoka. Anayechelewa, kama kaja chakula kimeisha na kanywa soda moja, alipie soda yake mwacheni, msimgawie mbuzi ambaye hakumuona. Aliyeleta mtu anamlipia mtu wake. Mwenye bethidei halipi, labda mlikubaliana vingine, na watoto chini ya miaka kumi hivi mi siwahesabu ila wewe na kundi lako mtajua.

Hatua ya 6: Bili ikija, isome

Isome kweli, siyo kuitupia jicho ukaguna. Mara nyingi inayokuja kwanza ni ya kuandikwa kwa mkono au karatasi ya hesabu tu, risiti yenyewe ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inatoka mkishalipa na mnayo haki ya kuidai, TRA wenyewe walishaimba mpaka tukakariri, ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti.

Kwenye kuisoma angalia idadi kabla ya bei. Kuchomekewa bia mbili tatu kunatokea, na siyo kila mara ni wizi, meza ya jirani nayo ilikuwa inahudumiwa na dada huyo huyo. Ukiona kitu hakieleweki usipige kelele "mnatuibia!", mwite pembeni, "dada samahani, hapa naona bia thelathini na tatu, sisi vizibo tunavyo thelathini, tuhakiki pamoja?". Unajua kwa nini upole? Kwa sababu baa nyingi mhudumu anachukua vinywaji kaunta kwa jina lake, na hesabu ya usiku isipotimia anafidia yeye kwenye mshahara wake. Ukimfokea mbele ya meneja umemuweka sehemu ambayo hawezi kukubali hata kama anaona kakosea. Hii pia ndo sababu ya kutokumsamehe yule rafiki anayekula kona kabla ya bili, maana pengo lake msipoliziba nyie analiziba binti ambaye hamjui hata jina lake la pili.

Sasa hesabu. Tuseme watu 12, mmoja ndo mwenye bethidei, halipi, wanabaki 11, kati yao wanywaji ni 5 na yeye hanywi. Bili iko hivi:

- Kuku wazima 4 kwa 25,000: 100,000
- Mbuzi kilo 3 kwa 20,000: 60,000
- Ndizi sahani 6 kwa 3,000: 18,000
- Chipsi sahani 6 kwa 4,000: 24,000
- Soda 14 kwa 1,500: 21,000
- Maji makubwa 6 kwa 2,000: 12,000
- Bia 30 kwa 3,500: 105,000
- Mzinga mmoja wa konyagi: 25,000

Jumla 365,000. Mkigawana sawa kwa sawa watu 11 kila mtu ni kama 33,200, na dada aliyekunywa Fanta mbili analipa sawa na kaka aliyemaliza nusu ya mzinga. Mkitenganisha, chakula na soda na maji ni 235,000, gawa kwa 11 ni kama 21,400. Pombe ni 130,000, gawa kwa wanywaji 5 ni 26,000. Kwa hiyo asiyekunywa 21,400 na mnywaji 47,400. Ona tofauti ilivyo, karibu elfu kumi na mbili kwa yule wa Fanta, hiyo ni nauli ya daladala ya siku kadhaa.

Halafu mchango usiuweke 21,400, nani ana mia nne? Uwe 23,000 kwa asiyekunywa na 50,000 kwa mnywaji. Sita mara 23,000 ni 138,000, tano mara 50,000 ni 250,000, jumla 388,000. Toa bili 365,000 inabaki 23,000, na hiyo hairudishwi kwa mtu, ina mwenyewe, ndo hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Hela ya mhudumu ihesabiwe mbali na bili

Tanzania tip siyo lazima na hakuna asilimia iliyoandikwa popote. Kwa mama ntilie unakula, unalipa, unasema asante mama, hakuna anayetegemea zaidi. Baa na mgahawa wa kawaida watu wanaacha chenji, buku, buku mbili, ya soda. Hoteli za watalii asilimia 10 ndo inayozoeleka. Kwa meza kubwa mi naona kanuni ya chenji haifai, kwa sababu mhudumu mmoja amekuwa wenu usiku mzima, kaacha meza nyingine, kabeba masinia, kapiga na picha zenu za keki ishirini na simu sita tofauti, halafu watu kumi na wawili kila mmoja anadhani mwenzake kaacha kitu na mwisho kaachiwa jero. Ndo maana nashauri iwekwe kwenye mchango toka mwanzo. Kwenye mfano wetu ile 23,000 ni kama asilimia 6 ya bili, kwa baa ya kawaida hiyo ni heshima kabisa.

Igawe hivi au unavyoona: 15,000 kwa mhudumu, 5,000 kwa mchoma nyama, ambaye watu wanamsahau wakati yeye ndo kawafanya mkasifia, na 3,000 kwa mlinzi wa maegesho aliyekaa na magari yenu.

Na hapa kuna jambo wengi hawalijui. Ukilipa tip kwa lipa namba ya mgahawa pamoja na bili, ile hela imeingia kwa mwenye biashara. Meneja mwema atamtolea, asiye mwema ataniuliza mimi inakuhusu nini. Mpe mkononi, noti, wewe mwenyewe, au muombe namba yake umrushie. Na usimpe mhudumu ya mchoma nyama amfikishie, nenda pale jikoni mpe mwenyewe, ni hatua kumi tu.

Je, huduma ikiwa mbovu? Chakula kimechelewa masaa mawili, oda imekosewa? Usiache, hakuna sheria inayokulazimisha, ila jiulize kama kosa ni la jiko au la yule dada. Na mmoja wenu akisema "mi sitoi tip, mshahara analipwa", msibishane naye mezani, mchango alishatoa.

Bili ikiwa na service charge imeshaandikwa, hapo usijione umebanwa kuongeza nyingine.

Kama uko Nairobi, Marekani au Ulaya

Nairobi, kwenye risiti utaona VAT asilimia 16 na ile levy ya utalii asilimia 2. Hizo zote ni za serikali, hakuna ya mhudumu humo, watu wanachanganya wanaona makato mengi wanadhani tip imeshakatwa. Bili wanalipa kwa till ya M-Pesa, na ushauri ni ule ule, tip mpe weita mkononi au kwenye namba yake mwenyewe.

Marekani ndo kwenye vita. Kule sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea tip dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda toka mwaka 1991. Ile inayobaki mpaka kufika kima cha chini cha dola 7.25 inatakiwa itoke kwenye tip, isipofika ndo mwajiri aongezee. Kuna majimbo hayataki mambo hayo, kama California na Washington, lakini hata huko tip inategemewa. Kwa hiyo ukienda na kundi la Watanzania kumi na tano kwenye mgahawa Houston au Dallas, mkacheka masaa manne halafu mkaacha dola tano, huyo dada kawapakulia karibu na bure. Asilimia 18 mpaka 20 ndo kawaida, na mnaihesabu kwenye bei kabla ya kodi ya mauzo.

Ila sasa, kwa meza kubwa, mara nyingi watu sita au nane kwenda juu, migahawa mingi ya kule inaweka hiyo asilimia yenyewe kwenye bili, inaandikwa gratuity au service charge, na mashine ya kadi bado inakuonyesha sehemu ya kuongeza tip. Watu wanalipa mara mbili kila wikendi. Soma mistari ya mwisho ya bili kabla ya kusaini. Kingine, kule inawezekana kuomba bili tofauti kwa kila mtu au kila familia, lakini uombe kabla ya kuagiza, na uliza kwanza, maana sehemu nyingine kwa kundi kubwa wanakataa.

Uingereza, London hasa, utakuta asilimia 12.5 imeshaongezwa na imeandikwa ni hiari. Hiari kweli, ukiomba itolewe wanaitoa, japo kwa uso. Toka tarehe 1 Oktoba 2024 kuna sheria, kwa England, Scotland na Wales, inayomtaka mwajiri awape wafanyakazi tip zote bila kujikatia chake, kwa hiyo ile hofu ya kwamba inaliwa na bosi imepungua. Ufaransa huduma iko ndani ya bei ya menyu, ukiacha sarafu mbili tatu za chenji umefanya vizuri na hakuna atakayekukimbilia mlangoni.

Hatua ya 8: Madeni ya "ntakutumia kesho"

Huyu yupo kila meza. Simu imeisha chaji, mtandao unasumbua, benki wanafanya maboresho. Mwambie sawa, ila mweka hazina aandike kwenye grupu usiku ule ule, kabla hajafika kwake, wakati kila mtu bado anakumbuka ladha ya mbuzi: "Bili ilikuwa 365,000, mhudumu na wenzie 23,000, risiti hii hapa. Waliobaki: Juma 50,000. Asanteni sana mmependeza." Umesema kiasi, umeweka picha ya risiti, hujamtukana mtu.

Zikipita siku tatu mtumie ujumbe pembeni, siyo kwenye grupu, "kaka mambo, ile ya Jumamosi nikumbuke basi, mi ndo niliiziba". Zikipita wiki mbili mpigie, sauti ni ngumu kuikwepa kuliko meseji. Baada ya hapo uamuzi ni wako, kama ni elfu tano unaweza kuiacha, kama ni hamsini kuna mwenyekiti wa kundi na kuna shemeji yake, ongea nao. Na shughuli ijayo usimtenge, mwalike kama kawaida, ila kwenye orodha yeye jina lake linaandikwa baada ya hela kuingia, siyo kabla.